Mashine ya Bi Tausi Yakatiwa Utepe

Nianze kwa kusema kwamba nchi yetu haina tatizo lolote, asije mtu akanisingizia baadaye. Mimi ni raia mtiifu na nina cheo. Ni Mshika Mto wa Mtaa. Penye uzinduzi wowote mtaani kwetu, mimi ndiye ninayebeba ule mto wa mahameli nyekundu ambao juu yake umelazwa mkasi wa dhahabu. Ninamfuata Mkata Utepe Mkuu nikiwa nimeinamisha kichwa, na mkasi ukishachukuliwa narudi kinyumenyume. Kazi hiyo inataka shingo imara na akili kidogo, na mimi nimejaliwa vyote viwili.

Nchi nyingine zina marais na wafalme. Sisi tuna Mkata Utepe Mkuu. Siku ya uhuru ulikatwa utepe uwanjani, aliyekata akaona raha, na tangu hapo hajaacha. Katiba yetu ni fupi. Kifungu kimoja kinasema kitu cha umma kitakuwepo pale tu utepe wake utakapokatwa. Kingine kinasema neno lolote atakalolitamka Mkata Utepe Mkuu akiwa ameshika mkasi ni sheria, na halifutwi na mtu, hata yeye mwenyewe. Kurasa zilizobaki ni picha zake.

Kwa utaratibu huu tumepiga hatua kubwa. Hospitali yetu ilizinduliwa msingi ulipochimbwa, ikazinduliwa tena ukuta ulipofika kiunoni, ikazinduliwa kilipoletwa kitanda, na ikazinduliwa siku kitanda kiliporudishwa kwa mwenyewe. Ukiugua unaonyeshwa picha za sherehe zote nne, na usipopata nafuu basi una roho mbaya. Shule ya ng'ambo ya mto, kwa upande wake, ina madarasa, walimu na madawati, lakini haijazinduliwa. Kwa hiyo watoto wanaosoma pale hawajui kusoma, na akipatikana mmoja anasoma kibao cha barabarani anahojiwa kajifunzia wapi.

*

Mto wetu ulijengewa daraja. Likakamilika, utepe ukafungwa nguzo hii hadi ile, tukakaa kumsubiri mwenyewe aje. Lakini Mkata Utepe Mkuu alikuwa na shughuli nyingi. Msimu ule alikuwa akizindua matangi ya maji, na matangi hayana haraka kwa sababu hayana maji. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena. Watu nao ni watu. Soko liko ng'ambo, kliniki iko ng'ambo. Wakaanza kuinama chini ya utepe na kupita zao. Waliinama kwa heshima, lazima niseme, na wanaume walivua kofia.

Siku moja ya gulio, baada ya mvua ya usiku kucha, daraja likaanguka pamoja na watu waliokuwa juu yake.

Hayo ni maneno ya mtaani, siyo yangu. Maneno ya kweli yalitolewa na Redio ya Taifa jioni ile ile: daraja ambalo halijazinduliwa halipo, na kisichokuwepo hakianguki. Wale waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao ni wasafiri waliochelewa njiani, na wananchi wanaombwa wawawekee chakula. Mto haukurudisha hata mmoja wao.

Miongoni mwa waliochelewa alikuwemo Sikudhani, binti pekee wa Bi Tausi, jirani yangu nyumba ya pili. Alikuwa amekwenda gulioni kumnunulia mama yake karatasi za manila.

Bi Tausi ni mtu wa karatasi. Kadi za harusi, maua ya ukumbini, vijisanduku vya zawadi, taji za watoto wa chekechea, vyote hivyo vimetoka kwenye meza yake ya kulia chakula. Na yeye ndiye aliyewakatia vivuli wafu wa mtaa huu tangu mimi sijaota ndevu. Maana kwetu mtu akifa anakatiwa kivuli: uso wake wa upande, kwa manila nyeusi, unatundikwa mlangoni mpaka arobaini ipite. Mpita njia akikiona anajua nani kafariki, anavua viatu, anaingia kutoa pole. Nyumba isiyo na kivuli haina msiba. Hata ukisikia mtu analia ndani, unafikiri ni ugomvi wa mke na mume, unapita.

Lakini vidole vya Bi Tausi vilikuwa vimekwisha. Viungo vimevimba, mkasi anaushika haufungi. Miaka ya mwisho Sikudhani ndiye aliyekata, mama amekaa pembeni anaelekeza. Sasa Sikudhani mwenyewe nani amkatie?

Hakujitokeza mtu, na sababu ilikuwepo. Siku ya pili ya msiba, turubai limefungwa uani, wanawake wamekaa mikekani na wali uko jikoni, aliingia Mtendaji wa Mtaa, Bwana Lugome, na askari wake.

"Shikamoo mama. Huu mkusanyiko ni wa nini?"

"Marahaba, baba. Ni msiba. Nimefiwa."

"Umefiwa na nani?"

"Na Sikudhani. Humjui leo? Kadi za harusi yako nani alikukatia?"

Bwana Lugome akatazama chini. "Alikuwa mtoto mzuri sana," alisema, kisha akashtuka na kumwangalia askari. "Yaani, ni mtoto mzuri. Amechelewa tu."

"Amechelewa wapi, Lugome?"

"Mama, mimi nimetumwa. Usiniweke pabaya. Fungueni turubai."

Wakalifungua turubai. Wali ukaliwa kwa amri, na tukaambiwa tuuhesabu kuwa ni wali wa kumsubiri msafiri. Papo hapo Bwana Lugome akatusomea mambo mawili. Neno "marehemu" ni marufuku kutumika kwa mtu yeyote aliyeonekana mara ya mwisho upande wa mto. Na kumkatia kivuli msafiri ni kumtakia mabaya, atakayefanya hivyo atafungwa. Mimi nilikula ule wali. Ulikuwa mtamu, na nilijichukia kila tonge.

Bi Tausi hakupiga kelele. Alianza kuzunguka ofisini. Alikwenda kwa mkuu wa mji, akaenda polisi, akaenda hospitali yetu iliyozinduliwa vizuri, na kila mahali aliomba kitu kile kile: mtu mmoja wa serikali amtazame usoni aseme kwamba mwanawe amekufa. Hakuomba fidia. Alitaka kukaa eda ya moyo wake kama mama mwingine yeyote, mlango wake uwe na kivuli na watu waingie. Kila ofisi ilimpa kiti, maji ya kunywa, na matumaini kwamba msafiri atarejea.

*

Bi Tausi ana mdogo wake anaitwa Shomvi, anafanya usafi uwanja wa ndege wa nchi ya mbali. Huyo ndiye aliyempigia simu akamwambia huko kuna mashine ndogo ya kukata karatasi. Unaipa picha, inasoma mistari yake, inateremsha kisu kidogo kama ncha ya kalamu, inakata yenyewe. Akina mama wa huko wanazo majumbani, wanakatia kadi na mapambo ya keki. Haitaki vidole vizima, inataka macho tu.

"Nitumie," Bi Tausi alisema.

Shomvi akaituma. Ikafika bandarini, ikakamatwa.

Ilibidi ikamatwe. Katika nchi yetu kila chenye makali kiko chini ya Wizara ya Tepe, Mikasi na Uzinduzi. Kisu cha jikoni kinaruhusiwa kwa sababu kinakata vitunguu, na vitunguu si mali ya umma. Lakini mashine inayokata yenyewe, bila mkono wa kiongozi, ilizua swali zito la katiba. Wataalamu walikaa wakajiuliza: mashine ikiweza kukata, yule mwenye kukata atafanya kazi gani? Hakuna aliyethubutu kulijibu.

Hata hivyo serikali yetu inajali. Sheria inasema raia anayetaka chombo chenye makali apewe nafasi ya kuchagua kwa uhuru kati ya vyombo vitatu, mbele ya kamati, askari wakiwa wamezunguka ukumbi ili uhuru huo usivurugwe. Siku ikapangwa. Mimi nikaitwa na mto wangu, maana penye kamati hapakosi sherehe.

Waziri wa Tepe, Mheshimiwa Dakta Tambo, alifungua kikao kwa hotuba ndefu. Nitaikata, Mungu anisamehe.

"Ndugu wananchi, karatasi ni nini? Karatasi ni mti uliokubali maendeleo!" Tukapiga makofi. "Na kukata ni nini? Maadui zetu wanasema kukata ni kutenganisha. Uongo! Utepe ukikatwa, je, si ndipo pande mbili zinapokutana?" Tukasimama tukapiga makofi tena. "Leo mama huyu mnyonge, mwenye vidole vibovu, anachagua mashine kwa hiari yake. Nani tena atasema katika nchi hii hakuna uchaguzi?"

Hilo la mwisho hatukujua kama tupige makofi au tucheke, tukakohoa.

Mashine tatu zilikuwa mezani. Ya kwanza iliitwa Mzalendo, ilitengenezwa na Wizara yenyewe, ukubwa wake kama jokofu la bucha. Ya pili iliitwa Ubia. Hiyo haikuwepo yenyewe, ilikuwepo picha yake kwenye fremu, kwa sababu wafadhili walikuwa wameahidi kuahidi. Ya tatu ilikuwa ile ya Shomvi, ya kijivu, ndogo, unaweza kuiweka juu ya kabati la vyombo. Iliwekwa mwisho kabisa wa meza na kibandiko kilichosema "ya kulinganishia."

Bi Tausi akaomba kuuliza. Alikuwa amefundishwa na Shomvi kwenye simu mambo ya kuangalia, na mwenyewe karatasi anaijua.

"Hii kubwa, inakata manila, au inaichana?"

Mtaalamu wa Wizara, bwana mwenye koti jeupe, alijibu, "Mama, Mzalendo haichani. Ikitokea karatasi imechanika, ujue karatasi hiyo haikuwa na nidhamu."

"Vipuri? Kisu kikiisha makali napata wapi kingine?"

"Kisu cha Mzalendo hakiishi makali. Kinastaafu."

"Sawa, mwanangu. Na picha? Nikiwa na picha yangu mwenyewe, inakata? Au inakata zile tu ilizokuja nazo?"

Mtaalamu akamtazama Waziri. Waziri akanywa maji.

"Mama," alisema Waziri mwenyewe, "swali lako ni zuri mno, na ndiyo maana lina hatari. Mzalendo ina michoro iliyoidhinishwa. Ina bendera. Ina mkasi. Ina njiwa. Ina uso wa Mkata Utepe Mkuu akiwa kijana, na uso wake akiwa kijana zaidi. Mtu mwenye akili timamu anataka kukata nini kingine?"

"Na kama nataka uso wa mtu mwingine?"

"Unauleta Wizarani. Tunaupima. Ukifaa, tunautuma kwa intaneti kwenye mashine yako. Usipofaa, tunakutuma wewe."

Wakajaribu kuiwasha Mzalendo mbele ya watu. Ikanguruma, taa za ukumbi zikafifia, kisha ikaandika kwenye kioo chake kwamba inasubiri kibali kutoka Wizarani. Tukasubiri. Wizarani intaneti ilikuwa imekatika. Waziri akapiga simu kwa msaidizi wake, msaidizi akasema hawezi kuwasha mtambo bila kibali cha Waziri, na kibali hicho kinatumwa kwa intaneti. Tulisubiri mpaka samosa za wageni zikaisha.

Ile picha ya Ubia haikujaribiwa, ingawa mtaalamu alipendekeza.

Mwisho wakaichomeka ya kijivu. Bi Tausi akabandika karatasi kwenye plastiki yenye gundi iliyokuja na mashine, akaisukuma ndani, akabonyeza. Ikalia taratibu kama panya anatafuna gunzi, na karatasi ikatoka na ua la yungiyungi, petali zake zote zimesimama. Watu walisahau walipo wakasema "Aa!" kwa furaha ya kweli. Askari mmoja alisogea kuliona vizuri akakemewa.

"Nachagua hii," alisema Bi Tausi.

Waziri alikasirika, tena waziwazi, mshipa ulimsimama. Lakini kuna jambo lililomtisha kuliko Bi Tausi. Mkata Utepe Mkuu alikwishaambiwa kuhusu mashine hiyo, na kwa kuwa wiki ile hakuwa na kitu cha kuzindua, alikwishasema atakuja kuizindua mwenyewe. Waziri aliyepita aliandaa uzinduzi wa bomba la maji. Mkata Utepe Mkuu akakata utepe, akafungua koki, ikatoka hewa na mjusi. Waziri yule sasa anachunga mbuzi wa jeshi. Dakta Tambo alilifikiria lile jokofu linalosubiri kibali, akaifikiria na ile ya kijivu, nikaona jasho limemtoka.

Basi wakabandua jina la kiwandani kwenye mashine ya Shomvi, wakabandika nembo ya taifa, wakaiita Mzalendo. Ile kubwa ikapelekwa stoo. Redio ikatangaza kwamba Bi Tausi, kwa hiari yake, amechagua Mzalendo. Wakampa na flashi yenye uso wa Mkata Utepe Mkuu akiwa kijana, wakamwambia siku ya uzinduzi akate huo na si mwingine, akithubutu kukata kingine atakiona cha mtema kuni.

"Nimesikia," alisema.

*

Uzinduzi ulifanyika uani kwa Bi Tausi, pale pale palipofunguliwa turubai. Matope yalifunikwa zulia. Kuta za majirani zilipakwa rangi upande unaoonekana. Bi Tausi alikuwa amevaa nyeusi, akavuliwa, akaletewa kanga ya kijani na mtandio wa njano ili afanane na furaha. Mashine ilikaa juu ya meza ya kulia chakula, imezungushiwa utepe mwekundu kama mtu anayeumwa jino.

Mkata Utepe Mkuu akashuka garini. Ni mtu mzima sasa, anatembea kwa kushikiliwa, lakini akiuona mkasi anachangamka. Nikamsogelea na mto. Akauchukua mkasi, akaunyanyua watu wauone, akakata. Kwa kawaida huwa anaurudisha mkasi mara moja, lakini wapiga picha walimwomba abaki nao, mashine ikate naye yuko pembeni mkasi mkononi. Redio ya Taifa ilikuwa ikitangaza moja kwa moja.

"Mama, kata," Waziri alisema, na meno yake yote nje.

Bi Tausi akaingiza mkono kifuani kwenye kanga akatoa flashi. Ile ya Wizara ilikuwa ya bluu, niliibeba mimi mwenyewe siku ya kikao. Hii ilikuwa nyeusi. Niliiona. Lakini nilikuwa nimeshika mto, mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi ya taifa, sasa ningefanya nini?

Mashine ikalia. Kisu kikazunguka taratibu, kikapanda, kikashuka, kikakawia mahali fulani kama kinachofikiri, kikaendelea. Kisha ikatema manila nyeusi. Bi Tausi akaibandua kwa vile vidole vyake, polepole, akaunyanyua juu uso wa upande wa mwanamke: paji pana, pua fupi, kilemba, na hereni ndogo sikioni.

Waziri akageuka rangi. Uso ule haukuwa wa Mkata Utepe Mkuu, si akiwa kijana wala akiwa kijana zaidi. Nilimwona akihangaika kichwani kutafuta ni nani huyu. Mwanamke gani anaweza kuwekwa mbele ya Mkata Utepe Mkuu siku kama hii? Kwa watu wa kwetu jibu ni moja tu. Akapaza sauti:

"Mama wa Taifa! Ni mama mzazi wa Mkata Utepe Mkuu! Mama huyu ameandaa zawadi ya siri!"

Viongozi wote wakapiga makofi. Mkuu wa mji akasema anazikumbuka hereni zile. Mkuu wa polisi akasema paji ndilo lile lile. Mkata Utepe Mkuu akakitazama kile kivuli muda mrefu. Sijui kama alimkumbuka mama yake, alikufa zamani na huenda hakuna picha yake. Lakini watu wote walikuwa wamemtambua, na mtu hawezi kusimama mbele ya redio akasema hamjui mama yake mwenyewe. Akatoa leso. Machozi yalimtoka kweli. Akakishika kivuli kwa mkono wa kushoto, mkasi ukiwa kulia, akasema kwenye kipaza sauti:

"Marehemu huyu alikuwa mwema. Amekufa, lakini atakumbukwa. Naamuru kivuli chake kitundikwe mlangoni, na kila apitaye aingie kutoa pole."

Makofi yalipotulia, Bi Tausi alipiga goti.

"Ahsante, baba. Ila huyu si mama yako. Huyu ni mwanangu Sikudhani, alikufa darajani. Nimeliomba neno hilo kila ofisi ya nchi hii, wakaninyima. Leo umelisema wewe, na mkasi unao mkononi. Mungu akulipe."

Redio ya Taifa ikaweka muziki wa dansi. Mkata Utepe Mkuu akabaki amesimama na kivuli cha Sikudhani mkononi, midomo inacheza, hajui akirudishe au akitupe. Bi Tausi akamsaidia. Alikichukua kwa adabu, akaenda nacho mlangoni, akakitundika. Kisha akaketi kizingitini, akavuta ule mtandio wa njano akajifunika uso, akalia kwa sauti. Wanawake wa mtaa wakaanza kuvua viatu, mmoja mmoja, wakaingia. Mimi nilitaka kuingia pia, lakini ule mto sikujua niuweke wapi.

*

Serikali haikulala. Sheria ni sheria: neno limetamkwa na mwenye mkasi, halifutiki. Sikudhani ni marehemu. Wanasheria wa Wizara walilizungukia neno hilo kwa wiki nzima, hatimaye wakapata pa kulishika. Kama amekufa, amekufa wapi? Mama yake kasema darajani. Kama alikuwa darajani, basi alipita chini ya utepe ambao haujakatwa, akamtangulia Mkata Utepe Mkuu. Hilo ni kosa la jinai, adhabu yake ni kifungo.

Marehemu Sikudhani binti Maulidi akashitakiwa. Kwa kuwa hakuweza kufika, mama yake akawekwa kizimbani badala yake.

Mahakama ilijaa. Mwendesha mashitaka aliieleza mashine kuwa ni silaha, ikachukuliwa kama kielelezo, na kivuli nacho kikabanduliwa mlangoni kikaletwa. Hakimu, mtu mwembamba mwenye kikohozi, akamtazama Bi Tausi.

"Mshitakiwa, yaani marehemu, anakubali kosa au anakataa?"

Kila mtu alijua la kujibu. Angesema tu mwanawe hakuvuka, amechelewa njiani, atarudi, na kesi ingeishia pale. Hata Bwana Lugome, Mtendaji wetu, alisimama nyuma akimfanyia ishara ya kukataa kwa kichwa, naye alikuwa akilengwalengwa na machozi.

"Anakubali, mheshimiwa hakimu," alisema Bi Tausi. "Alivuka. Alikuwa ananiletea manila."

Hakimu akasoma hukumu. Marehemu Sikudhani binti Maulidi, mkazi wa mtaa huu, aliyefariki dunia kwa kuanguka na daraja, amepatikana na hatia, anahukumiwa kifungo, na kwa kuwa hana mwili wa kufungwa, mama yake aliyemzaa atakitumikia.

"Una la kusema?"

"Naomba unisomee tena, baba. Pale mwanzo tu."

Hakimu akasita, akakohoa, akasoma tena. Marehemu Sikudhani binti Maulidi, mkazi wa mtaa huu, aliyefariki dunia kwa kuanguka na daraja. Bi Tausi alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kidogo kwa kila neno. Hakimu alipomaliza, mama akasema "Inna lillahi," akanyoosha mikono, askari wakamfunga pingu juu ya vile vidole vilivyovimba. Nimeona mambo mengi katika kazi yangu na yote nimeyapigia makofi. Hilo sikuweza.

Kesho yake asubuhi niliitwa haraka na Wizara. Mbele ya mahakama, niliambiwa, kuna watu wamepanga foleni, hawana kibali, hawana bango, hawasemi kitu, na foleni imezunguka jengo hadi barabara ya sokoni. Askari wameogopa kuwapiga kwa sababu hawajui kosa lao. Mimi kwa kuwa sura yangu inajulikana na heshima ninayo, niende nikawatawanye kwa maneno mazuri.

Nilikwenda. Wa kwanza alikuwa mwanamume nisiyemjua, wa mtaa wa mbali, amevaa shati safi lililopigwa pasi kama mtu anayekwenda harusini, kofia ameishika mkononi.

"Ndugu yangu," nilimwambia, "mnataka nini hapa?"

"Nimekuja kumshitaki mke wangu," alisema. "Naye alivuka. Alikuwa na mtoto mgongoni. Naomba washitakiwe wote wawili."

Nilikuwa nimeandaliwa hotuba, iko mfukoni. Nikamwuliza mtoto aliitwa nani.